Lita Mbili kwa Dakika

Mwaka wangu wa kwanza katika kiwanda cha mafuta ya alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida, msimamizi wa zamu yetu hakuitikia salamu yangu hata siku moja. Nilimwamkia kila asubuhi kwa sababu alikuwa na umri wa baba yangu, na kwetu Iramba huwezi kumpita mtu mzima ukiwa kimya. Yeye alitazama pembeni, kisha akawageukia wenzake na kuongea Kinyaturu, akijua sikijui, nao wakacheka. Nafasi yangu alikuwa amemwekea ndugu yake. Nikaja mimi na cheti changu cha ufundi. Kosa langu lilikuwa hilo.

Kazi yangu ilikuwa kupima kostiki, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Mafuta ghafi ya alizeti yana asidi, na kostiki huigeuza asidi hiyo kuwa sabuni, ambayo tunaitoa. Ikiingia kidogo, mafuta hayasafiki. Ikizidi, inayala mafuta yenyewe, na badala ya mafuta unabaki na uji wa sabuni. Mita yetu ilikuwa bomba la kioo lililosimama wima, ndani yake boya dogo la chuma. Kostiki ikiongezeka, boya linapanda. Ikipungua, linashuka, nawe unasoma alama iliyo ubavuni.

Kostiki inakula hata kioo. Miezi ilivyopita, kile kioo kilipauka kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikaona pia kwamba boya halichezi tena. Nilipomwambia msimamizi, alijibu neno moja: "Soma."

"Nasoma, mzee, lakini boya limeganda."

"Mita hiyo imekuwepo kabla hujaingia hapa. Soma, uandike."

Nikaandika. Baada ya wiki chache matangi mawili mfululizo yakatoka sabuni tupu, na meneja akashuka kutoka ofisini. Msimamizi hakusubiri kuulizwa.

"Huyu binti anachezea valvu," alisema. "Nilishaonya. Mtu anayetazama simu hawezi kutazama mita."

Wenzangu wakageukia mashine zao. Kulia sikuweza, nilitaka kumrushia spana.

"Naomba ndoo," nilimwambia meneja. "Sitaki maneno."

Nilivaa miwani, aproni na glovu ndefu za mpira, nikafungua tundu la kuchukulia sampuli lililo juu ya mita, nikakinga ile ndoo yenye alama za lita. Meneja akashika saa. Mita ilionyesha lita sitini kwa saa, maana yake lita moja kwa dakika. Dakika ilipokatika nikafunga, tukachungulia wote. Lita mbili.

Meneja alimtazama msimamizi.

"Boya limekwama kidogo tu," msimamizi akasema. "Hilo linagongwa." Akanyakua spana mezani.

"Usigonge, kioo kimeliwa," nikasema.

"Utanifundisha wewe?"

Akagonga mara mbili. Mara ya pili kioo kilipasuka, na kostiki ikamrukia shingoni na mkononi. Hakuwa na glovu wala aproni. Hakuvaa kamwe, alisema ni vitu vya wanawake.

Nilifunga valvu kuu, nikamshika ukosi nikamvuta hadi kwenye bomba la maji la dharura. Alikuwa ameokota kitambaa anataka kujifuta. Nilimpokonya, kwa sababu ukifuta unaisambaza. Nikamchania shati, nikafungulia maji.

"Niache! Inatosha!"

"Haijatosha."

Alijaribu kutoka, nikamrudisha. Meneja alikwenda kutafuta gari, mimi nikamshikilia pale chini ya maji kama robo saa, anatetemeka, ananitukana kwa lugha yake. Nitasema ukweli: nilimshikilia kwa sababu ngozi yake ingeungua, lakini kila alipojaribu kutoka na mimi nikamrudisha, nilifurahi. Miezi yote ile hakuwahi kunisikiliza kwa muda mrefu kiasi kile.

Hospitali walisema maji ndiyo yaliyoiokoa shingo yake. Mkono ulibaki na kovu. Aliporudi kazini, tulikuwa tumefungiwa mita nyingine, bomba lisilo na kioo wala boya, namba zinajitokeza kwenye kidude pembeni. Alikuta pia taarifa ya ajali inasubiri sahihi yangu. Ilisema kioo kilipasuka chenyewe wakati binti wa mita akifanya majaribio.

Meneja aliniletea kalamu. "Saini tu, yaishe. Ni mtu mzima, ana familia."

"Mimi pia nina jina la kulinda," nilisema. "Aliyegonga ni yeye, na wewe ulikuwa umeshika saa."

Alivuta kiti, akaisoma tena ile taarifa. Mwishowe akaandika ukurasa upya mbele yangu, nikausoma mara mbili, nikasaini. Msimamizi alihamishiwa ghala la mbegu. Siku alipokuja kuchukua vitu vyake alisimama mlangoni, mkono kaufunika kwa kanga ya mkewe.

"Ungeweza kuisaini ile taarifa ya kwanza," alisema.

"Ningeweza," nikamjibu, nikaendelea kuandika namba.

Tangu hapo hatujasemeshana. Simpendi, na najua naye hanipendi. Mafuta yanatoka safi.