Nilivyotumwa kumrudisha dada yangu kutoka kijiji cha pwani Norway

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Soko huria lilipoanza, chama cha ushirika alichofanyia kazi baba hapa Bariadi kilikufa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, mzee akabaki kukaa tu nyumbani Somanda.

Dada yangu Kabula alikuwa nurse. Aliolewa na Nils, Mnorwe aliyekuja kuchimba visima huko Bukundi, wakahamia kwao Norway.

Miaka michache baadaye tukapata taarifa Kabula amefariki kwa kansa. Baba akanituma mimi kwa vile najua English. "Mrudishe alale kwetu."

Wakuu, kile kijiji kinatia huzuni. Nyumba zimebanana kati ya mwamba na bahari, nyingi madirisha yamepigiliwa mbao. Ilikuwa winter, jua halichomozi kabisa.

Mama yake Nils alinipa background, Nils akitafsiri. Zamani waliishi kwa samaki, kiwanda kilikesha. Samaki wakatoweka, kiwanda kikafungwa, vijana wakaondoka, mwisho na shule ikafungwa. (Hapo nilimuwaza sana mzee wangu.)

Waliobaki ni vikongwe. Aliyekuwa akiwapitia nyumba kwa nyumba, kuwafunga vidonda na kuwaogesha, ni Kabula.

Nilipoeleza kilichonileta, Nils hakubisha. Alisema Kabula mwenyewe aliomba arudi kwao. Mama yake akasema kitu. Nils akatafsiri.

"Anauliza, sasa nani atatuogesha?"



Siku ya kuondoka, wale wazee walibeba jeneza wenyewe hadi kwenye kivuko. Walilitua kila baada ya hatua chache, wakapumzika, wakabeba tena. Hakuna aliyelia kwa sauti.

Tulimzika Somanda. Nils alikuja. Baba alimshika mkono akamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, hapa ni kwenu. Kaa."

Nils alilia sana. Akasema angekaa, ila mama yake yuko peke yake. Akaondoka, hatukumwona tena.

Baba alipata kaburi la mwanae na sijutii. Nilichojifunza ni kwamba mtu akiishi mahali, watu wa pale nao wanakuwa wake. Mnaooza mabinti mbali, liongeeni hili wakiwa hai.

Ungekuwa wewe, ungemrudisha au ungewaachia? Karibuni.