Juisi Aliyoniwekea Mama

Mimi ni mtu wa vitu vya bei poa, na sitakataa. Pale Bariadi, si mbali na soko, kuna duka ambalo tunaliita supamaketi kwa sababu unaingia, unashika kikapu na kujihudumia mwenyewe, japo wakiingia wateja sita kwa mpigo, wa saba inabidi asubiri nje. Mbele kuna vitu vipya vya bei kamili, kwa ajili ya watu wenye haraka. Nyuma kabisa, kando ya friji inayonguruma, kuna shelfu moja ya chuma yenye kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: BEI IMESHUKA. Hapo ndipo kwangu.

Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu, mpole, mwenye kofia ambayo sijawahi kuiona chafu. Kila Alhamisi jioni anapekua bidhaa zake moja moja. Kitu kikibakiza wiki tatu au nne kabla muda wake haujaisha, anakitoa mbele anakipeleka nyuma. Hakijaharibika. Ukikila wiki hiyo umekula kitu kizima kwa nusu ya bei, na mwenzako wa mbele kala kilekile kwa bei ya kujionyesha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu ofisini. Mimi ni karani wa masjala, na mkono wangu umezoea kugeuza kila karatasi kutafuta tarehe kabla macho hayajasoma kilichoandikwa. Kwenye shelfu ile mkono huo ulinisaidia sana.

Ijumaa asubuhi nilikuwa napitia dukani kabla ya kazi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike wa sekondari, naye mtaalamu, ambaye tuligombania maziwa ya unga zaidi ya mara moja kwa heshima zote za serikali. Nikichelewa, mzee alikuwa ananicheka: "Karani, leo umelala. Mwalimu kashapita, amekuachia tambi." Nilikuwa nachukua tambi hizo hizo na kutoka nimevimba kifua.

Mama yangu anaishi nje kidogo ya Mwandoya, kwenye kiwanja alichomwachia baba. Ana ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la pamba ambalo sasa analimiwa na watu. Baba alipofariki nilijiwekea ada: kila mwisho wa mwezi nilijaza boksi kutoka shelfu ya nyuma, nikalifunga kamba, nikampa konda wa basi. Akifika Mwandoya anampa kijana wa bodaboda, na boksi linafika kwa mama kabla ya jua kuzama. Maziwa ya unga, biskuti, juisi za boksi, siagi ya kopo, oti za uji, siku za bahati hata jamu. Jioni nilikuwa napiga simu.

"Mayu, umepata mzigo?"

"Nimepata, ng'wanawane, mwanangu. Wabeja, asante. Na wewe unakuja lini?"

"Mwezi ujao, mama."

Mke wangu alikuwa ananisikia. Siku moja aliniambia, bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua, "Nenda mwenyewe. Acha kutuma boksi." Nikamjibu kwa hasira kwamba wapo watoto wa mjini ambao hata boksi hawatumi. Ilikuwa kweli, na nilipenda sana kuisema. Lakini miezi ilikwenda na mimi sikwenda. Nauli haikuwa tatizo. Nilikuwa nimejiridhisha tu kwamba boksi ni mimi.

Nilipokwenda, nilikwenda kwa gari la ofisi. Wakubwa walikuwa na kikao Mwandoya, wakahitaji mtu wa kubeba mafaili. Nikaona hiyo nayo ni bei poa: safari ya kumwona mama bila kutoa senti. Dereva akanishusha njia panda saa sita mchana, akasema saa tisa atanipitia, atapiga honi.

Njia ya kwenda bombani inapita uani kwa mama. Wanawake wa pale, wakitoka kuteka maji, walikuwa na kawaida ya kutua ndoo kivulini kwake, wakanywa mtindi au uji, wakaongea hata nusu saa, kisha wakajitwika tena. Mama amefiwa, watoto tumetawanyika. Wanawake wale ndio waliokuwa nyumba yake. Siku hiyo niliwakuta wanne.

"Mwadila, mayu," nikasalimia.

Mama aliinuka upesi mpaka nikaogopa ataanguka. Alinishika mikono yote miwili, akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Si niliwaambia atakuja?" Akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akatoa ufunguo, akaingia ndani. Nilimfuata kumsaidia.

Sanduku lake la bati, lile alilokuja nalo alipoolewa, lilikuwa limejaa mpaka juu. Biskuti zimepangwa kwa rangi. Maziwa ya unga yamesimama mstari. Juisi, jamu, siagi, oti, kila kitu nilichotuma tangu boksi la kwanza, na sikuona paketi hata moja iliyofunguliwa.

"Mama, mbona hukula?"

"Nile peke yangu? Hivi ni vya siku utakayokuja," akasema, huku akichagua juisi mbili kubwa zaidi. "Mimi nina ugali wangu na maziwa yangu."

Tukatoka nje. Akamimina kwenye vikombe vya bati. Sasa, kwetu mwenyeji akimpa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yake, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Hata jirani wa miaka mingi anaonjewa. Ni heshima tu, watu hawaifikirii. Mama akaonja, akampa wa kwanza, akaonja, akampa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa nne. Kikombe changu hakuonja. Mama haonji anapompa mtoto wake. Alininyooshea tu, akakaa chini kuniangalia ninywe.

Nilikisogeza mdomoni nikasikia harufu ya uchachu. Mkono wangu, mkono wa masjala, ukachukua boksi la juisi na kuligeuza kabla sijafikiri. Muda ulikuwa umepita miezi minne.

Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Nilisimama nikapiga kelele, "Mama! Hii ni sumu! Unataka kutuua?"

Kwetu neno hilo halisemwi ovyo mbele ya mwanamke mzee anayeishi peke yake. Nimezaliwa pale. Najua linavyotembea mpaka likageuka uchawi, na najua linaweza kuishia wapi. Nilijua hata wakati ule, nusu sekunde baada ya kulitoa.

Wanawake waliweka vikombe chini, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wao akageuka akatema mate mchangani. Mama aliangalia boksi mkononi mwangu, akaangalia uso wangu. Hajui kusoma, na juisi ya boksi hakuwahi kuionja kabla ya siku hiyo.

"Si ulileta wewe?" akauliza kwa sauti ndogo.

Hapo nilipewa nafasi. Ningeweza kusema: ndiyo, nilileta mimi, nilinunua vitu vilivyobakiza wiki tatu kwa sababu ni rahisi, nikakaa karibu nusu mwaka bila kuja, mama hana kosa. Maneno machache. Lakini wale wanawake walikuwa wananitazama, mtoto wa mjini mwenye shati la kuchomekea, anayesifiwa uani hapo kila mwezi kwa maboksi yake. Niliona aibu wajue kwamba maboksi yale yalitoka kwenye shelfu ya vitu vilivyoshushwa bei. Nikasema, "Mimi nilileta vizima. Wewe ndiye umeviweka mpaka vikaharibika."

Mama akaanza kukusanya vikombe. Wanawake wakaaga, wakajitwika ndoo zao. Nilikaa na mama mpaka saa tisa tukiongea habari za ng'ombe, kila mmoja akiangalia pembeni. Honi ilipolia nilishukuru.

Nikiwa njiani kurudi nilijiambia kwamba yatasahaulika. Nikatuma boksi lingine mwisho wa mwezi, safari hii nikiwa nimemsisitizia mama kwa simu ale mapema. Akasema sawa. Hakuniuliza nakuja lini. Nikaona ni nafuu.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu anayeuza mbegu pale Mwandoya. Alikuja Bariadi kwa shughuli zake, akapita nyumbani, akala, akanawa mikono, ndipo akasema.

"Kaka, kwa mama mkubwa siku hizi hapiti mtu."

"Kivipi hapiti mtu?"

"Yule mdogo wao aliumwa tumbo usiku wa siku ile mliyokunywa juisi. Akapona, lakini wanasema mwanae mwenyewe ndiye aliyesema ni sumu. Wanasema, kama mtoto wa kumzaa ameogopa kikombe chake, sisi ni nani? Wanazunguka kule kwenye uzio wa minyaa. Njia ya uani imeota majani."

Mke wangu, aliyekuwa amesikia yote, alitoka sebuleni. Sikumwita arudi.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini. Nikaenda dukani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikanunua vitu vya mbele. Nilisoma kila tarehe mara mbili. Mzee alinitazama nikipita shelfu yangu bila kugeuka. "Karani, kuna sherehe?" Nikalipa, nikatoka. Nikapanda basi kwa nauli yangu, boksi mapajani.

Majani yalikuwa yamefika magotini. Mama alinipokea vizuri tu, akanipa kigoda, akauliza habari za wajukuu. Alikuwa amepungua. Nilimwambia nimekuja kusema ukweli kwa watu, akasema, "Haya," kama mtu anayeambiwa mvua huenda ikanyesha.

Nilizunguka nyumba zote nne kwa miguu. Kila mahali nilisimama uani nikajieleza: makosa yalikuwa yangu, vitu nilivinunua vikiwa karibu kuisha muda, nikachelewa kuja, nikamsingizia mama kwa aibu. Kila mahali walinisikiliza kwa adabu. "Tumesikia, baba." "Hakuna neno, baba." Yule mdogo, aliyetema mate, alinipa mpaka kiti. Wote niliwakaribisha chai jioni kwa mama, na wote waliitikia kwamba watakuja.

Mama alichemsha sufuria kubwa. Niliweka maziwa ya unga mapya, nikafungua biskuti mpya, nikapanga vikombe vitano juu ya meza. Alikuja mmoja tu, mzee kuliko wote, aliyekuwa shoga wa mama tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi. Nilichukua kikombe chake, nikanywa funda zima mbele yake, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili. Akauliza habari za Bariadi, akauliza bei ya pamba, akasifu mvua. Alikishika kikombe kile mpaka chai ikapoa, kisha akakiweka mezani kikiwa vilevile nilivyompa, akasema amekula sana nyumbani. Mama akamsindikiza mpaka mwisho wa uwanja. Niliona wameshikana mikono muda mrefu.

Chai iliyobaki nilikunywa mimi, vikombe vinne, nikijilazimisha. Nilitaka mama anione nakunywa. Yeye alikuwa anakunja kanga zake.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilimwambia, "Mama, nisamehe."

"Ulisharudi, ng'wanawane," akasema. "Imetosha."

Nilijiambia kwamba nimesamehewa, na nadhani kweli alinisamehe. Yaliyobaki hayakuwa mikononi mwake. Hata leo njia ile haipitwi na watu kama zamani. Shoga wake anakuja siku moja moja, anakaa, hanywi. Siku hizi nakwenda kila mwezi, sitaki tena gari la ofisi, na sibebi boksi. Ninakula ugali wake na mtindi wake. Mwalimu wa sekondari sasa anapekua shelfu ile peke yake.

Lakini ninachotaka kusema ni cha asubuhi niliyoondoka, kesho yake baada ya chai ile. Basi lilikuwa linapita saa mbili. Mama alikuwa ameshakamua, na mtindi wa juzi ulikuwa kwenye kibuyu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi begani. Alitikisa kibuyu, akamimina kikombe changu cha utotoni, kile cha bati chenye alama ya jino langu ukingoni. Nikanyoosha mkono kukipokea.

Hakunipa. Alikiinua kwanza mdomoni kwake, akanywa funda moja, akanisubiri nione amemeza. Kisha akafuta ukingo kwa kiganja, akaninyooshea kwa mikono miwili, jinsi anavyopewa mgeni.

Nikakipokea, nikanywa nikamaliza.