Glovu Mbili na Mbuzi wa Kinole

Fundi sanifu wa maabara yetu hapa Morogoro huvaa glovu mbili mbili, kisha huwasalimia panya. "Habari za asubuhi, waheshimiwa," husema, huku akiwanyoa migongo kwa mkono mwepesi kama wa kinyozi wa Mwembesongo. Halafu huwapaka tone la kemikali inayosababisha saratani, na wiki kadhaa baadaye hupima protini zinazoiamuru ngozi ikue. Mgeni akimuuliza kazi yake, jibu ni lile lile: "Ngozi yenye afya hupewa amri ya kukua kwa kunong'ona. Kemikali hii huipa kipaza sauti." Hucheka peke yake, kisha hubadilisha glovu.

Jumamosi nilimsindikiza kwao Kinole kuchukua machungwa. Tulimkuta mama yake anampaka mbuzi mwenye ukurutu oili chafu ya gari, dawa ya wengi kule. Fundi wetu alisahau hata shikamoo. "Mama, hiyo ni sumu ya ngozi!" Akachomoa glovu mfukoni, akaomba ndoo na sabuni, akamwosha mama mikono, kisha akamsugua mbuzi mpaka povu likawa jeupe, akimbembeleza, "Vumilia, mheshimiwa." Mama alijifuta kwa khanga, akamtazama weee.

"Na hao panya wako, mwanangu, huwa wanaoshwa na nani?"

Aliinama, akaanza upya kumsugua mbuzi sikio lililokwisha takata.