Kambi Iko Wapi, Garad?

Mimi, Kingori wa Majengo, Nyeri, huenda ndiye polisi pekee aliyewahi kuwakimbia shifta, wale waasi wa mpakani, kwa kuwafuata.

Msinicheke peke yangu, mcheke kwetu kote. Sisi tukitoka nje asubuhi tunautazama Mlima Kenya, basi tunajua soko liko upande gani, na kanisa, na shamba la viazi la mjomba. Mwaka wa 1965 serikali ikanipeleka kituo cha mpakani, kaskazini, ambako hata kichuguu cha kuegemeza macho hakuna. Nilipotea nikienda kuchota maji. Garad, askari Msomali aliyekuwa mwongozaji wetu, alinirudisha kila mara huku ameshika mbavu kwa kicheko.

Asubuhi tuliyoshambuliwa nilikuwa nje ya ua, nimechuchumaa kichakani kwa haja zangu. Risasi zikaanza kulia. Nikatimua mbio, mikono yote miwili imeshika suruali. Bunduki niliiacha kambini, mjuzi mimi. Garad naye alikuwa nje, ameenda kurudisha ngamia. Nikamkuta chini, paja limepasuliwa na risasi, mchanga umelowa damu. Niliogopa kuliko nilivyowaogopa shifta, kwa maana kule sikuwa na rafiki mwingine.

"Wewe naenda wapi?" akaniuliza.

"Kambi."

"Kambi iko nyuma yako. Huku ni kwa shifta."

Nikavua ile suruali, nikalifunga paja lake kwa nguvu, nikambeba mgongoni. Akawa ananielekeza kwa kunivuta masikio, la kulia, la kushoto, kama mtu aendeshaye punda, na punda mwenyewe alitii. Halafu vidole vikalegea. Kichwa chake kikaniangukia begani.

"Garad! Kambi iko wapi sasa?"

"Mbele."

"Mbele gani? Mimi sioni kitu!"

"Mbele, wewe mtu ya viazi!"

Lango nilikuwa nimeshaliona, na Sajini Wahome amelala kando yake akitupigia kelele tuiname. Lakini Garad akijibu yuko hai. Nikaendelea kuuliza, nikauliza hata nilipokuwa nimeshika nguzo ya lango.

Mpaka leo Sajini huwasimulia watu hadithi ya polisi asiye na suruali aliyeuliza kambi iko wapi akiwa ndani ya kambi. Hospitalini Garad aliisikia akacheka mpaka nyuzi za kidonda zikamuuma. Nami nikamwomba Sajini airudie.