Siku Nazibrola Alipovua Kitambaa

Nguruwe nimenunua mkoa mzima wa Imereti, lakini mchinjaji niliyemheshimu ni mmoja tu, Nazibrola, mjane mwenye mabega ya mchukuzi. Mumewe alimwachia nyundo ya mbao, kisu kirefu na watoto wawili wa kiume, Jumberi na Malkhazi. Nyundo kati ya macho, kisu chini ya shingo, basi. Nguruwe hakupata hata muda wa kulia. Wanawe aliwalea kwa mkono huohuo. Akiwakuta wanapigana, aliwachapa wote wawili bila kuuliza nani kaanza.

Jumberi alimwoa Tsiuri, wakamzaa Bachana. Kama watoto wetu wote, Bachana alilazwa kwenye susu, kitanda cha kubembea, akafungwa mikanda ya kitambaa, mikono ubavuni, miguu imenyooka, anafunguliwa kuoga tu. Hata kunyonya, mama alimwinamia humohumo. Alikuwa mtulivu, na bibi yake alimsifia hadi sokoni. Kosa ndilo hilo. Mtoto aliyefungwa mikono hawezi kukuonyesha mkono upi haufanyi kazi. Tsiuri ndiye aliyegundua, wakati wa kumwogesha, kwamba mwana ana miezi minane na ngumi ya kulia haijawahi kufunguka. Alipomwambia mumewe, alipigwa kofi likampasua mdomo. Ukoo wao haujazaa kilema, Jumberi alisema, na anayebisha aje abishe mbele yake.

Tsiuri alifuta damu, akapiga simu mjini kwa watu wanaopima watoto wachanga, ili wenye kuhitaji tiba ya viungo waianze mapema.

Siku mpimaji alipofika nilikuwa uani nabishania bei ya nguruwe jike na Nazibrola. Aliitwa Medea, mama mnene mwenye mkoba wa njuga na vikombe vya plastiki. Alitandika blanketi sakafuni, akaomba mtoto afunguliwe. Tsiuri alikuwa ndiyo kwanza amemkabidhi Bachana mikononi mwake pale Jumberi alipoingia akinuka pombe ya zabibu. Alimshika mkewe nywele, akamburuta hadi kizingitini, na mkoba akaupiga teke ukatua uani. Vikombe vilitawanyika matopeni, nguruwe wakavikimbilia.

Malkhazi aliacha nguruwe aliokuwa akiwalisha, akaja mbio. Alimtandika kaka yake ngumi ya pua, wakaviringika hadi kwenye meza ya kuchinjia. Jumberi aliinuka na kisu. Malkhazi akachukua uma wa kugeuzia nyasi.

"Unamtaka mke wangu," Jumberi alisema, damu ikimwingia mdomoni. "Unajifanya una huruma na mtoto."

"Ningemtaka ningeshamchukua, kaka. Hata mbwa wako anakukimbia."

Kisu kilipita begani kwa Malkhazi. Shati lilifunguka, na nyama chini yake.

Hapo Nazibrola alivua kitambaa chake cha kichwa, akakitupa kati yao. Kwetu, mwanamke akitupa kitambaa kati ya wanaopigana, silaha zinashuka. Nimeshuhudia watu walioapa kuuana wakirudi nyuma kwa ajili ya kipande cha nguo. Malkhazi aliachia uma. Jumberi alikikanyaga kitambaa kwa buti lenye matope, akasonga mbele.

Nazibrola hakulia wala hakulaani. Alichukua nyundo, akampiga goti. Sote tulisikia mfupa.

"Mama, umenivunja," Jumberi alisema akiwa chini.

"Nilikupa njia ya kuacha, ukaikanyaga. Sasa ukiusogelea ule mlango kabla yule mama hajamaliza kazi, nitakupiga panapopigwa nguruwe."

Nilimfunga Malkhazi bega kwa mkono wa shati lake mwenyewe, nikaingia ndani. Medea alikuwa ameshaanza kupima. Alimlaza Bachana chali, akamwonyesha kijiko upande wa kulia. Mtoto akakifuata kwa mkono wa kushoto, ukivuka kifua chake mwenyewe. Akamkalisha, mtoto akaegemea upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya. Medea akatuambia bila kuzunguka: upande wa kulia ni dhaifu, na huenda chanzo kiko kichwani, madaktari watathibitisha. Hatapona kabisa, ila akianza sasa mkono utajifunza mengi. Mikanda ya susu ikome leo.

Nazibrola, kichwa wazi na mvi zimesimama, aliuliza kama ni susu iliyomharibu. Medea alisema hapana, ilificha tu.

"Utakuja mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki, mama."

"Mara tatu."

"Vijiji vyote hivi ni vyangu peke yangu."

"Mbili, basi. Gari la kukufuata litakuwepo." Akanigeukia. Gari lilikuwa langu. Niliitazama nyundo, nikasema mafuta anunue yeye. Akasema nusu. Tukapeana mikono.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Jumberi, hospitali, akilia njia nzima. Mama yake alikataa kumpokea tena; anachechemea kwa mjomba wake. Medea namleta Jumanne na Ijumaa. Juzi Bachana alininyakua kofia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nao ulikuja, vidole viwili vikashika ukingo, vikaachia. Medea akaniambia niivae tena, tuanze upya.