Nilivyoteremka Moshi Kutafuta Chakula cha Migomba

Kilichonitoa nyumbani ni migomba. Tangu ng'ombe wangu afe, kihamba, shamba letu la migomba la urithi, hakikupata samadi, na mikungu ikawa midogo ya kutia aibu. Mwanangu Elibariki akaja na neno lake: "Mama, masika yakiisha tunaing'oa, tunajenga vyumba vya kupangisha." Nikasema hapana. Kanisani wakatangaza kwamba mjini kuna darasa la bure la watu wazima, la kutengeneza mboji kwa mabaki ya sokoni. Nikasema nakwenda. Shule mimi niliishia la pili. Nilitolewa nikate majani, maana huku kwetu Old Moshi ng'ombe hatoki nje, majani ndiyo humfuata zizini. Haya, turudi njiani.

Jumatatu asubuhi nikakata jani la isale pale mpakani mwa shamba, nikateremka kwa miguu, magoti yakilalamika, hadi nikapata bodaboda. Kijana alikimbiza mpaka nikamfinya mbavu.

"Bibi, utatuangusha!"

"Utatuangusha wewe, baba. Polepole!"

Mjini, pale mtaa wa Mawenzi, nikamkuta mwalimu, Zuhura, binti wa Tanga.

"Shikamoo bibi. Pole, darasa lilianza wiki iliyopita, na limejaa."

Sikubishana. Nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Kwetu, mtu akikujia na jani hilo, humkatalii ombi lake.

"Ahsante bibi," akasema, akalitupa kwenye lundo la mboji.

Wanawake wa darasa wakashika vinywa. "Mwalimu! Umetupa isale!" mama mmoja wa Masama akapaza sauti. "Bibi anakuomba, wewe unafanya takataka!"

Walipomweleza, Zuhura akalifukua, akalipangusa kwa khanga yake. "Nisamehe, bibi. Ingia. Ila viti hamna." Nikakalia ndoo.

Wiki ile nililala kwa mdogo wangu mjini. Tukafundishwa kupanga majani makavu, mabichi, udongo, maji kiasi, kisha kugeuza. Siku moja nikauliza, "Maganda yote haya ya ndizi yametoka wapi?"

"Si juu kwenu, bibi?" Zuhura akasema.

Ni kweli. Kila siku ya soko tunateremsha mikungu. Mji unakula, maganda yanakwenda dampo, kihamba kinabaki na njaa.

Jumamosi nikapanda nyumbani na viroba vya maganda kwenye pikapu ya jirani. Njiani watu wakanicheka: "Mama Elibariki, umefuata takataka mjini?"

"Ndiyo, na nitafuata nyingine. Njooni mshushe!"

Masika yalipoisha, Elibariki akaja na fundi wa kupima kiwanja. Nikamwambia mwanangu aingize mkono kwenye lundo la mboji nililopanga. Akautoa mbio. "Mama, linachemka!" Akatazama migomba niliyokwisha kuitia mboji ya kwanza, machipukizi yamenenepa, akakuna kichwa. "Basi, nakupa mpaka vuli."

"Hunipi wewe. Nilichojifunza mjini ni kwamba shamba likitoa kila siku bila kurudishiwa, linakufa, hata ukilijengea vyumba." Nikampa uma wa shamba, fundi nikampa beleshi. "Geuzeni."

Waligeuza hadi jioni. Fundi akaondoka na kiroba cha mboji kwa ajili ya mchicha wa mkewe, kiwanja hakupima.