Mbawakawa Wangu Walipofunga

Hapa Ifakara, kwenye kituo chetu cha utafiti, mbu ndiye mfalme. Ana wataalamu wake, vyandarua vyake, hata magari yake. Mimi nilikuwa mtu wa mbawakawa, wale wadogo wekundu wenye madoa meusi, nikapewa kachumba nyuma ya maabara, tena kwa masharti. Nilidai kwamba mpunga ukifyonzwa na wadudu waharibifu hutoa harufu yake, na mbawakawa wanaowala wadudu hao huifuata harufu hiyo mpaka kwenye chakula. Ikiwa ni kweli, mkulima wa bonde hili ana walinzi wa bure na anaweza kupunguza sumu shambani. Lakini kudai si kuonyesha.

Kifaa chenyewe ni bomba la kioo lililogawanyika kama manati. Tawi moja huleta hewa ya mpunga mzima, la pili hewa ya mpunga ulioshambuliwa. Unamweka mbawakawa kwenye shina, unasubiri achague njia.

Wangu hawakuchagua. Walifika kwenye njia panda, wakajipangusa uso, wakakaa. Mkuu wetu wa maabara akachungulia, akacheka.

“Dada, hawa wamestaafu. Ijumaa wasipochagua, chumba nawapa watu wa mbu.”

Nilicheka naye, ila moyoni niliungua. Nilibadilisha pampu, nikachemsha vioo, nikahamisha taa. Wapi!

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jumatano alasiri nilikuwa natembea kurudi nyumbani Lipangalala, midomo imekauka, nikashangaa jinsi pua yangu ilivyokuwa kali. Nyumba hii wanapika wali wa mchele wetu wenyewe, ile wanakaanga samaki, na kule mbele kuna mtu kaunguza vitunguu. Siku nyingine napita hapohapo nimeshiba na sinusi kitu. Nikasimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanipigia kengele. Mbawakawa wangu walikuwa wameshiba!

Tena niliwashibisha mwenyewe. Mama yangu, mkulima wa Idete, alitulea kwa sheria moja: mtu hatumwi kazi na tumbo tupu. Kwake hata kibarua wa siku moja hashiki jembe kabla ya uji. Basi nami kila asubuhi, kabla ya jaribio, niliwapa mbawakawa kifungua kinywa cha nguvu, roho yangu ikatulia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hana haja ya kuwinda.

Alhamisi niliwafungisha, nikawaachia maji tu. Ijumaa mkuu alikuja mwenyewe, mikono nyuma. Mlangoni watu wa mbu walikuwa wameshaanza kupima ukuta kwa futi kamba.

Mbawakawa wa kwanza alifika njia panda, akatikisa vipapasio vyake, akageuka kuelekea mpunga ulioshambuliwa, mbio! Nikabadilisha matawi, mkuu asije akasema wadudu wangu wanapenda upande wa kulia tu. Wa pili akaifuata harufu kushoto. Wa tatu naye vilevile. Baadaye mmoja alikwenda kwa mpunga mzima, nikamsamehe, maana kila ukoo una wake. Waliobaki karibu wote walikwenda nilikosema wataenda. Mkuu akavua miwani, akawageukia wale wa mlangoni.

“Kunjeni futi yenu.”

Nilipiga kigelegele humohumo maabara, na saumu yangu. Sijawahi kufurahi vile.

Jua lilipokaribia kuzama nilikuwa bado humo naosha vioo. Nikampigia mama.

“Shikamoo mama. Jana niliwafungisha, leo wamechagua! Chumba ni changu!”

“Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi. Na hao wadudu, tangu jana hujawapa kitu?”

“Si ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, mama.”

“Kazi si imekwisha? Wape wale.”

Adhana ilinikuta na tende mkononi. Nikaiweka mezani, nikawamiminia mbawakawa chakula chao mpaka sahani ikajaa. Walipoanza kula, nami nikafuturu.